Kartoni Mbili za Fundi wa Masilinda

Fundi hakuwahi kupanda pikipiki. Ndilo jambo la kwanza ninalomwambia mtu asiyemjua, na mara nyingi haniamini. Miaka yote niliyomjua hapa Kamina alikuja kazini kwa baiskeli nyeusi isiyo na kengele, mguu mmoja wa suruali umefungwa kwa kipande cha tyubu. Akifika aliiegemeza ukutani, akavua koti, akakaa kwenye kiti cha chuma kilichong'olewa kwenye behewa la zamani, na kuanzia hapo mpaka jioni alikuwa akizipa nguvu pikipiki za watu wengine. Siku moja nilimwuliza kwa nini yeye hapandi.

"Minyi najua vile banazifungaka," alinijibu, yaani yeye anajua jinsi zinavyofungwa; hapa kwetu "minyi" ni mimi, na "njo" ni ndiye au ndiyo.

Sasa watu wanasema amezeeka, ndiyo maana anauliza-uliza kila kitu. Hajazeeka. Mikono yake ni ile ile. Kilichoondoka ni imani yake kwamba mikono ile inajua kitu, nami nilikuwepo siku ilipoondoka. Niseme kweli yote: kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Naandika haya kwa sababu nimejaribu kuirudisha imani hiyo na sijaweza.

Kazi yake ilikuwa masilinda. Kutengeneza breki, kubadili mnyororo, kuziba tairi, hayo aliwaachia wengine, na hapa kwetu wako wengi. Silinda ni lile bomba ambamo pistoni hupanda na kushuka. Upana wa bomba na urefu wa safari ya pistoni ndivyo vinavyotoa ile namba ambayo vijana wanaitaja kama cheo: mia na ishirini na tano, mia na hamsini. Ukitaka namba kubwa kwenye injini ndogo unapanua bomba na kutia pistoni nene zaidi. Kulisema ni rahisi. Kulifanya Kamina, ambako hakuna mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ni jambo jingine kabisa.

Alilifanya hivi. Alilifunga lile bomba kwa kitenge, akalibeba kifuani hadi kwenye karakana ya zamani ya reli, ambako bado kuna mashine moja ya kukerezea chuma inayofanya kazi siku umeme ukikubali. Huko walimpanulia, lakini aliwaambia waache kidogo, wasimalize. Kilichobaki alikimaliza mwenyewe kwa msasa uliozungushiwa kipande cha mti, akizungusha, akipangusa, akiingiza kidole na kufumba macho. Mwishoni alitia pistoni ndani, na kati ya pistoni na ukuta wa silinda akaingiza ukanda wa karatasi ya Biblia, akauvuta. Ukitoka bila kushikwa, nafasi ni kubwa mno. Ukikatika, nafasi ni ndogo, anarudi kwenye msasa. Ukitoka kwa kusitasita, kazi imeisha.

Alitumia kurasa tupu peke yake, zile za mwanzo na za mwisho. Ukurasa wenye neno hakuugusa. Kurasa za Biblia yake zilipokwisha alianza kuwaomba wazee wa kanisa Biblia zao zilizochakaa, na wao walimpa wakijua ni za nini. Katika mji huu wa makarani na walimu, ambako nusu ya watu wamesomeshwa na kanisa, hakuna aliyemcheka. Mimi nilimcheka. Kisha nikapima karatasi ile kwa palmer ya shule, kile chombo cha kupimia vitu vyembamba, nikakuta inalingana na nafasi ambayo kitabu changu cha mitambo kilitaka. Nilipima tena. Nilikasirika, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kumsahihisha.

Alikuwa na namna yake ya kuzungumza juu ya nguvu. Kijana akija na kusema anataka mia na hamsini, Fundi hakumwuliza anataka kukimbia kiasi gani. Alimwuliza anabeba nini.

"Mahindi, Papa. Toka Kabongo."

"Magunia ngapi?"

"Mbili. Nataka tatu."

"Sikia. Nitaongeza tumbo. Miguu inabakia ile ile. Ile chuma ya ndani yenye kuzungusha, ile ya mia na makumi mbili na tano, njo itabeba hii tumbo mupya. Unasikia?"

"Nasikia."

"Hausikie. Utasikia ku kilima."

Alizoea kuchonga nukta ndogo kwa msumari kwenye mbavu za silinda, nukta moja kila mara ilipopanuliwa, ili fundi atakayeifungua baadaye asidanganyike. Jambo hilo lilimsumbua sana, kwamba karatasi ya pikipiki inaendelea kusema mia na ishirini na tano wakati ndani kuna kitu kingine. "Iko vile muntu mwenye kubadirisha jina bila kuambia mama yake," alisema. Hata hivyo mtu huyohuyo, mwenye kuogopa karatasi inayosema uongo, nilimwona akidanganya bila kupepesa jicho.

Alikuja askari mmoja kutoka kituo cha jeshi, mtu wa mbali, mwenye familia kule kambini, na pikipiki mpya kabisa. Alitaka ipanuliwe. Fundi alimwambia airudie baada ya siku mbili. Siku mbili hizo pikipiki ilikaa kivulini bila kuguswa, isipokuwa dakika kumi alizotumia kutoa vile vibati vinavyozuia kelele ndani ya bomba la moshi. Askari alirudi, akaiwasha, kuku wa jirani wakaruka ua.

"Sasa njo moto!" alipiga kelele. "Papa, weye iko muchawi!"

Akaondoka akinguruma, akashinda wiki nzima akiwaambia wenzake kwamba anaendesha mia na hamsini. Nilimwuliza Fundi haoni haya, yeye mwimbaji wa sauti nzito kwenye kwaya.

"Nguvu yenye alitaka ilikuwa ya masikio," alisema. "Nilimupatia ya masikio. Injini yake iko nzima, na yeye iko nzima. Sasa zambi iko wapi?"

Kuhusu kwaya: sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa sababu ya injini, kwa hiyo alisimama mwisho wa mstari upande wa kushoto, wenzake wote wakiwa kwenye sikio zima. Hakukosa sauti hata mara moja. Mara nyingine nilikwenda kanisani kwa ajili ya kumsikiliza yeye tu, mimi nisiyeamini mengi ya yale yanayosemwa mle.

Pia alinusa petroli. Kabla ya kuwasha injini yoyote alichovya kidole kwenye tangi, akanusa, akasugua kidole na dole gumba, na kwa kunusa tu aliweza kukuambia kama imenunuliwa kituoni au kwenye chupa za njiani, zile zinazochanganywa na mafuta ya taa. Nililiona jambo hilo mara mia. Sikulifikiria hata mara moja.

Na aliheshimu shule kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua. Yeye mwenyewe aliishia madarasa ya chini. Mwalimu akipita barabarani Fundi alivua kofia, hata kama mwalimu huyo ni kijana aliyemwona akizaliwa. Niliporudi kutoka Lubumbashi na diplome ya ufundi wa mitambo, bila kazi, na hasira nisiyojua nimpe nani, aliinuka kwenye kile kiti cha behewa, akakipangusa kwa kitambaa, akaniambia nikalie.

"Mama Enjenyeri," alisema. "Karibu ku kazi yako."

Vijana walicheka. Mmoja akasema, "Mwanamuke mu masilinda! Atapika nazo bukari?" akimaanisha ugali. Fundi hakucheka. Tangu siku ile hakuniita kwa jina tena.

Injini ninayotaka kuisema ni ya kaka yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya hapa namwita Yaya. Yaya alibeba samaki wakavu kutoka Kinkondja, ziwani, mpaka Kamina, vikapu viwili virefu nyuma na cha tatu juu yake. Njia ni mchanga, na mahali penye vilima mchanga huo unameza gurudumu. Pikipiki yake ya mia na ishirini na tano ilikuwa inakufa polepole. Fundi aliipanua, akatia pistoni ya mia na hamsini, akachonga nukta. Na chini ya silinda, mahali inapokalia mwili wa injini, akaweka kartoni mbili badala ya moja.

Kartoni hizo alizikata mwenyewe. Alilaza kartoni ngumu juu ya chuma, akagonga pembeni kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo mpaka umbo likajikata lenyewe. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasivuje, lakini zina kazi ya pili. Kadiri zinavyoinua silinda, ndivyo mchanganyiko wa petroli na hewa unavyopungua kubanwa, na injini inatulia. Pistoni nene kwenye kichwa kilekile cha zamani cha injini hubana kupita kiasi, kwa hiyo Fundi aliweka ya pili ili kuipunguzia hasira. Bei yake ni kwamba unapoteza sehemu ya nguvu uliyoitafuta.

Mwezi haukuisha, Yaya akarudi akinung'unika.

"Papa, iko nachoka ku kilima. Batoto bananipita! Na minyi njo mwenye kuongeza!"

"Iache ichoke," Fundi alisema. "Yenye kuchoka inafikaka."

"Inafika na batu bameshauzisha! Samaki yangu naimaliza na nani, na paka?"

Watu walicheka. Yaya aliniangalia. "Mudogo, weye ulisomea hii. Sema kitu."

Nami nilikuwa nimesubiri miezi mingi mtu aniambie niseme kitu.

"Papa, uliweka kartoni ngapi?"

"Mbili."

"Juu ya nini mbili?" Nilitaka sababu.

Aliitazama mikono yake, kama vile swali lilikuwa lao. "Mikono njo inasema mbili."

"Mikono haina hesabu, Papa."

Nasikia bado vile walivyocheka. Yeye pia alitabasamu, bila kuudhika, kwa sababu aliona ni kweli. Nikachukua kipande cha kartoni yake mwenyewe na kalamu. Nikaandika upana wa silinda, safari ya pistoni, ujazo wa chumba cha juu. Nikawaonyesha: kwa kartoni mbili, injini inabana karibu mara kumi; kwa moja, mara kumi na nusu. Kitabu kinaruhusu. Kartoni moja inatosha, nguvu itarudi.

Fundi alisoma namba zile polepole, midomo ikicheza. Kisha akauliza swali moja tu, juu ya petroli.

"Na esanse ya njiani?"

"Esanse ni esanse, Papa."

Hivyo ndivyo nilivyojibu. Mimi ninayeuliza kila kitu, mimi niliyewachosha walimu wangu na wazazi wangu, niliulizwa swali la pekee lililokuwa na maana siku ile nikalifunga kama mlango. Petroli ya kitabu changu ilikuwa petroli ya kitabu. Ya Kinkondja ni ya chupa, na inayochanganywa na mafuta ya taa hulipuka kabla ya wakati wake ikibanwa sana. Kidole chake kilijua hilo. Alikuwa na nafasi ya kubisha. Lakini mbele yake kulikuwa na diplome, na yeye alikuwa mtu wa mji huu, mji ambao umetufundisha wote kwamba mwenye karatasi akisema, asiye nayo anavua kofia.

Alivua kofia. Namaanisha hivyo hasa: aliivua, akaiweka juu ya goti. "Weye njo ulisomea," akasema, na akaanza kufungua silinda.

Kwa majuma mawili Yaya aliruka. Aliwapita wote. Alinipigia simu kutoka juu ya kilima ili nisikie injini. Kuna mlio wa petroli inayolipuka kabla ya wakati, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, nao nadhani niliusikia kwenye simu, nikadhani ni mtandao. Majuma mawili yalipokwisha, akipanda na vikapu vitatu, pistoni ilivimba kwa joto na kuuma ukuta wa silinda. Gurudumu la nyuma likafunga papo hapo. Pikipiki ikalala, vikapu vikalala juu yake, mguu wake ukiwa chini ya vyote. Walimleta kwa mkokoteni. Goti halikunji tena. Hapandi, habebi. Anakaa mbele ya nyumba akiuza samaki walioletwa na hao batoto aliowapita.

Fundi aliifungua injini hadharani, kwa kuwa ndivyo ilivyo desturi yake, mbele ya mwenye mali na mashahidi. Alipoitoa pistoni niliona juu yake vijitundu vingi, kama mti ulioliwa na mchwa. Pistoni iliyobanwa na ukuta kwa sababu ya msasa mbaya haiwi hivyo. Ile ni alama ya petroli iliyolipuka vibaya, yaani ya kartoni iliyotolewa, yaani yangu. Fundi aliiangalia. Aliniangalia. Kisha akaifunika kwa kitambaa na kuwaambia watu:

"Mikono yangu njo ilikosa. Sikuacha nafasi ya kutosha."

"Papa, hapana," nilisema.

"Mikono yangu," alirudia, kwa sauti ile nzito ya kwaya.

Jumapili alisimama kanisani, akasema vilevile mbele ya wote, akaomba wamsamehe yeye na mikono yake. Watu walilia. Mchungaji alimshika bega. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma, na mpaka leo sijui kwa nini sikuinuka. Kila nilichoweza kusema kingeonekana kama mtoto msomi anamwonea huruma mzee. Nilikwenda kwa Yaya, nikamweleza yote, kartoni, petroli, vijitundu.

"Acha," aliniambia. "Minyi njo niliomba nguvu."

"Lakini hesabu ilikuwa yangu."

"Mudogo, kila muntu anataka kubeba kosa ya hii mguu. Iacheni basi. Iko yangu."

Nilikwenda kwa Fundi mara tatu. Mara ya kwanza alinipa chai na kuniuliza kuhusu mama. Mara ya pili nilimletea hesabu mpya, iliyosahihishwa, yenye petroli mbaya ndani yake, inayoonyesha kwamba kartoni mbili ndizo zilizokuwa sahihi tangu mwanzo. Alizisoma namba kwa makini, midomo ikicheza. "Muzuri sana," akasema. "Unaona vile hesabu inajua." Nilimwambia mikono yake ilijua kabla ya hesabu. Akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayeambiwa jambo zuri juu ya ndugu aliyefariki.

Mara ya tatu ni mwezi uliopita. Nilimkuta kwenye kiti chake, na mbele yake mteja kutoka upande wa Luena, mwanamume mnene mwenye haraka, mbeba makaa. Injini ilikuwa mezani, imepanuliwa tayari, pistoni ndani. Ukanda wa karatasi ulikuwa umeshatoka kwa kusitasita. Niliuona umelala pembeni. Kazi yote ngumu ilikuwa imekwisha. Fundi aliponiona aliinuka, akakipangusa kiti.

"Mama Enjenyeri. Mungu njo amekuleta."

"Papa, kaa. Maliza kazi yako."

"Nilikuwa nakungojea." Akashika kartoni mbili, moja kila mkono, zimekatwa vizuri, kingo safi. "Sema. Moja ao mbili?"

"Papa, weye unaonaje?"

"Minyi sione kitu."

"Ulinusa esanse yake?"

"Nilinusa."

"Sasa?"

"Sasa weye sema."

Mteja alipumua kwa nguvu. "Bandugu, makaa iko nangoja ku njia. Nani hapa iko fundi?"

"Yeye," nilisema, nikimwonyesha Fundi.

"Yeye," alisema Fundi, akinionyesha mimi.

Mteja aliona ni mchezo, akacheka. Sisi hatukucheka. Nilisogea karibu na sikio zima la Fundi nikamwambia taratibu kwamba sijui. Kwamba sijainusa petroli ile, na hata nikiinusa pua yangu haijui kitu. Kwamba katika mji huu mzima kuna mtu mmoja tu anayeweza kujibu swali lile, na ameshika jibu mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alinitazama kwa subira kubwa, kartoni zimeinuliwa kidogo, kama mwanafunzi anayejua kwamba mwalimu lazima ajifanye kusahau kabla ya kutoa jibu. Nikaona angesimama vile mpaka jioni. Mteja akaangalia simu yake.

"Mbili," nilisema.

Hakuuliza kwa nini. Alikaa, akaweka ya kwanza, akaweka ya pili, akaipanga silinda juu yake na kufunga nati moja moja, kwa mpangilio, bila kuharakisha. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu. Nilisimama pale nikijua kwamba ningesema moja, angeweka moja.

Mteja aliiwasha, akaisikiliza, akaridhika. Akapita mbele ya Fundi kana kwamba amepita mbele ya meza, akaja kunishika mkono mimi kwa mikono yake miwili yenye vumbi la makaa. "Wafwako, Enjenyeri," akanishukuru kwa Kiluba. Nyuma yake Fundi alikuwa ameshasimama, kofia mkononi, akitabasamu kwa furaha ya kweli, akingoja mteja atoke ili anirudishie kiti.